Muir au Pinchot: Njia Mbili za Kuhifadhi Msitu, na Namna ya Kuchagua

Ukipanda milima ya Sierra Nevada huko California kutoka upande wa magharibi, kuna mahali utavuka mpaka ambao macho hayauoni. Nyuma yako ni Msitu wa Taifa wa Stanislaus, mbele yako ni Hifadhi ya Taifa ya Yosemite. Misonobari ni ileile na mvua ni ileile. Lakini upande mmoja mti uliokomaa unaweza kupimwa, kuuzwa kwa kibali na kupasuliwa mbao. Upande wa pili mti ulioanguka unaachwa hapohapo ulipolala mpaka uoze. Upande mmoja mfugaji analipa ada na kuingiza ng'ombe wake malishoni, upande wa pili hapati ruhusa hiyo. Hata wizara ni mbili. Misitu ya taifa iko chini ya Wizara ya Kilimo, na hifadhi za taifa ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kwa Wamarekani si ya polisi bali ya ardhi na maliasili.

Nyuma ya mpaka huo kuna watu wawili waliokuwa marafiki kisha wakatengana: John Muir na Gifford Pinchot. Wote wawili walitaka msitu uokolewe, ila hawakukubaliana uokolewe kwa ajili ya nini. Naandika kwa yeyote anayelazimika kuegemea upande: mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo, mwandishi wa habari, au mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji anayeulizwa kama msitu wao ufungwe kabisa au utolewe vibali vya kuvuna. Swali hilo liliulizwa Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na majibu yake yote mawili yamekwisha kuzaa matunda. Tunaweza kuyaonja.

Hali iliyowakuta

Katika karne ya 19 Wamarekani walikata misitu kana kwamba haina mwisho. Misonobari myeupe ya Michigan, Wisconsin na Minnesota iliteketea kwa shoka ndani ya muda unaolingana na umri wa mtu mmoja. Wapasuaji walichukua magogo na kuacha matawi makavu yametapakaa, nayo yakawa chakula cha moto. Tarehe 8 Oktoba 1871 moto uliupitia mji wa Peshtigo, Wisconsin, na nchi iliyouzunguka, ukaua zaidi ya watu 1,000 usiku mmoja. Baisani, wale nyati wenye nundu waliokuwa makumi ya mamilioni, walibaki mamia tu mwishoni mwa miaka ya 1880. Kulikuwa pia na njiwa wahamaji ambao kundi lao likipita lilifunika jua. Wa mwisho wao, jike aliyepewa jina la Martha, alifia kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914.

Mtu wa kwanza kulieleza jambo hili kwa hoja kamili alikuwa George Perkins Marsh, mwanadiplomasia kutoka Vermont. Mwaka 1864, akiwa balozi nchini Italia, alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi nchi za Mediterania zilivyokaushwa na watu waliokata miti ya milimani. Mwaka huohuo, tarehe 30 Juni, Rais Lincoln alilikabidhi bonde la Yosemite kwa jimbo la California ili litunzwe kwa ajili ya watu wote. Yellowstone ikafuata tarehe 1 Machi 1872, hifadhi ya taifa ya kwanza. Kisha sheria ya mwaka 1891 ikampa rais uwezo wa kutenga misitu ya serikali isiuzwe. Ila sheria hiyo haikusema misitu ikishatengwa ifanyiwe nini, na ndipo kazi ya wawili wetu ilipoanzia.

Wenyewe walikuwa watu gani

Muir alizaliwa Dunbar, Scotland, mwaka 1838, akahamia Wisconsin na familia yake akiwa na miaka 11. Alilelewa kwa jembe na fimbo. Alikuwa fundi hodari wa mashine, mpaka siku moja mwaka 1867, akiwa kiwandani Indianapolis, chombo kilipomchoma jicho akakaa gizani kwa wiki kadhaa akidhani ameupoteza uwezo wa kuona. Alipopona aliacha viwanda. Alitembea kwa miguu hadi Ghuba ya Mexico, na mwaka 1868 akafika Sierra Nevada. Mwaka 1892 alishiriki kuanzisha Sierra Club, chama cha watetezi wa milima na pori, mjini San Francisco, akawa rais wake hadi kufa kwake.

Pinchot alizaliwa mwaka 1865 katika utajiri, na sehemu ya utajiri wa ukoo wake ilitokana na ukataji miti huko Pennsylvania. Alipohitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1889 hakukuwa na shule ya misitu nchini kwao, kwa hiyo akaenda Nancy, Ufaransa. Huko Ulaya alishauriwa na Dietrich Brandis, Mjerumani aliyewahi kuongoza misitu ya India chini ya Waingereza. Akarudi na wazo ambalo Wamarekani hawakuwa nalo: kwamba msitu unaweza kuvunwa kila mwaka bila kwisha, mradi unachokata kisizidi kinachoota. Alilijaribu kuanzia mwaka 1892 kwenye shamba kubwa la tajiri George Vanderbilt huko North Carolina. Familia yake ikatoa fedha za kuanzisha shule ya misitu Yale mwaka 1900.

Walikutana wakapendana. Mwaka 1896 walisafiri pamoja na tume iliyotumwa kukagua misitu ya magharibi, na usiku mmoja kwenye ukingo wa Grand Canyon wakajitenga na wenzao, wakalala nje wakizungumza. Pinchot mwenyewe amesimulia kwamba walipokutana na buibui mkubwa, tarantula, Muir alimzuia asimuue. Alisema kiumbe yule ana haki ya kuwa pale kama wao. Pinchot aliikumbuka siku ile kwa upendo miaka mingi baadaye. Mimi naiona tofauti yao yote pale: mmoja anauliza buibui ana faida gani, mwingine anaona swali lenyewe halifai kuulizwa.

Lakini usiwachore kama malaika na mfanyabiashara. Muir aliwahi kuendesha mashine ya kupasulia mbao bondeni Yosemite, akitumia miti iliyoangushwa na upepo, na baada ya kuoa mwaka 1880 alilima zabibu na matunda huko Martinez akapata fedha nzuri. Pinchot naye alipenda pori na uvuvi. Mwenye mapenzi kidogo asingeupa msitu maisha yake.

Daftari: hapa Pinchot anashinda

Muir aliwachukia kondoo. Mwaka 1869 aliwachunga mwenyewe kwenye majani ya juu milimani na kuona walivyoyamaliza. Akawaita nzige wenye kwato. Dawa yake ilikuwa kuwatoa wote. Ila hifadhi ya Yosemite ilipotangazwa tarehe 1 Oktoba 1890, haikuwa na idara ya kuitunza. Serikali ikatuma wanajeshi wa farasi. Miongoni mwao walikuwamo askari weusi, na mwaka 1903 kapteni mweusi, Charles Young, aliongoza hifadhi ya Sequoia na vijana wake wakakamilisha barabara ya kufika kwenye miti mikubwa. Walifanya kazi ya kusifiwa. Hata hivyo mwanajeshi huja kiangazi na kuondoka majira ya baridi, na mchungaji anajua kalenda.

Pinchot alifanya tofauti. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye alikuwa mtu wa daftari. Mwaka 1905 alifanikiwa kuihamishia misitu yote ya hifadhi kwenye Wizara ya Kilimo, kwa sababu kwake mti ni zao, tofauti yake na mahindi ni muda tu. Akaunda Idara ya Misitu, akaajiri walinzi kwa mtihani uliopima kama mtu anajua farasi, shoka na kalamu, akawapa kijitabu cha sheria kinachoingia mfukoni. Kuanzia 1906 kila anayelisha mifugo alilipia kichwa kwa kichwa. Wafugaji walipiga kelele na kwenda mahakamani; mwaka 1911 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ina haki ya kutoza na kukataza.

Mwaka 1905 misitu hiyo ilikuwa na ekari zipatazo milioni 56. Mwaka 1910 zilikuwa milioni 172. Sehemu ya ongezeko hilo ilipatikana kwa namna ya kusisimua: mapema mwaka 1907 Bunge lilipitisha kifungu cha kumzuia rais asitenge misitu mipya katika majimbo 6 ya magharibi bila idhini ya Bunge lenyewe. Kabla Rais Theodore Roosevelt hajatia saini, Pinchot na makarani wake walikesha na ramani, wakatayarisha matangazo ya ekari milioni 16. Roosevelt akayasaini yote kwanza, ndipo akasaini kifungu cha kumfunga mikono.

Kwa hiyo, kama tatizo lako ni msitu mpana unaotegemewa na watu wengi kwa mbao, kuni na malisho, na mvunaji yumo ndani tayari, chukua njia ya Pinchot. Tangazo la kufunga lisilo na mlinzi, ada wala mpaka uliopimwa linamwadhibu mwaminifu peke yake. Mwizi haendi kusoma kibao. Pinchot alijua kwamba mfugaji anayelipa ada atamshtaki jirani asiyelipa, na hiyo ni nusu ya ulinzi.

Bonde la Hetch Hetchy: hapa hesabu ya Pinchot inapasuka

Kipimo cha Pinchot kiliandikwa kwenye barua ya tarehe 1 Februari 1905, aliyoitunga yeye na kusainiwa na waziri wake: matakwa yakigongana, uamuzi ufuate manufaa makubwa zaidi ya watu walio wengi zaidi, kwa muda mrefu. Ukiisoma haraka huoni pa kupinga.

Sasa njoo Hetch Hetchy. Ni bonde ndani ya Hifadhi ya Yosemite, kuta za mawe pande zote, mto Tuolumne katikati, maporomoko yakishuka kutoka juu. Muir alilihesabu kuwa pacha wa Yosemite yenyewe. Mwaka 1901 meya wa San Francisco, James Phelan, aliomba lizibwe liwe bwawa la maji ya mji. Serikali ikakataa. Kisha tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko likaupiga mji, moto ukawaka siku kadhaa, na watu wapatao 3,000 wakafa. Watu waliona mabomba ya zimamoto yakitoa upepo, wakaamini mji umeungua kwa kukosa maji. Ukweli ni kwamba mabomba yalikatika chini ya barabara kwa tetemeko. Bwawa kubwa mara 10 zaidi lisingefika kwenye moto ule. Lakini nani angesimama kwenye majivu akaeleza hivyo? Mwaka 1908 kibali kilitoka.

Ubishi ukaendelea miaka 5. Muir aliandika kwamba kuziba bonde lile ni sawa na kugeuza makanisa kuwa matangi ya maji. Vyama vya wanawake nchi nzima viliandika barua. Pinchot alikuwa hana cheo tena, kwa kuwa Rais Taft alimfukuza Januari 1910 baada ya yeye Pinchot kumshambulia hadharani waziri kuhusu ardhi ya makaa ya mawe ya Alaska. Hata hivyo mwaka 1913 alifika mbele ya kamati ya Bunge akatetea bwawa: raha ya wachache wanaofika bondeni, alisema kwa maana hiyo, haiwezi kushindana na mahitaji ya mji mzima. Seneti ikapitisha kwa kura 43 dhidi ya 25. Rais Wilson akasaini tarehe 19 Desemba 1913. Muir akafa tarehe 24 Desemba 1914, kwa nimonia, mwaka mmoja na siku 5 baadaye.

Tuwe waaminifu kwa upande wa bwawa. Ukuta ulikamilika mwaka 1923, na maji yakafika mjini mwaka 1934, umbali wa kilomita kama 270, kwa mteremko. Leo mfumo huo unahudumia watu wapatao milioni 2.7, na maji yake ni safi kiasi kwamba serikali imeuruhusu mji usiyachuje. Mwaka 2012 wakazi waliulizwa kama wangependa hata kufanyika upembuzi wa namna ya kulirudisha bonde. Zaidi ya robo tatu ya wapiga kura walikataa. Aliyezoea kunywa hapo hawezi kulaumiwa kwa kusita.

Bado nasema Muir alikuwa sahihi, na si kwa sababu ya uzuri wa maporomoko. Kwanza, kulikuwa na mito mingine. Miji ya jirani ng'ambo ya ghuba, Oakland na wenzake, ilikwenda kwenye mto Mokelumne, ikajenga bwawa lake kufikia 1929, nje ya hifadhi yoyote, nayo inakunywa mpaka leo. Swali halikuwa bonde au kiu. Lilikuwa bonde au gharama na usumbufu wa kutafuta pengine. Pili, sheria yenyewe ilikataza umeme wa bwawa usiuzwe kwa kampuni binafsi ili faida iwe ya umma, na mwaka 1940 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba mji umelivunja sharti hilo. Walio wengi walikuwa kwenye barua. Kwenye mapato waliingia wengine. Tatu, na hili ndilo zito, kipimo cha Pinchot kinasema "kwa muda mrefu", lakini kwenye kikao anayehesabiwa ni yule anayeweza kuja kuzungumza. Watoto wa mwaka 2013 hawakuwa na kiti mwaka 1913. Msonobari ukikatwa unaota tena ndani ya miaka 80. Bonde lililozibwa kwa ukuta wa zege halioti.

Kushindwa huko kulizaa kitu. Watu waliona kwamba hifadhi bila idara ya kuitetea ni karatasi, na tarehe 25 Agosti 1916 ikaundwa Idara ya Hifadhi za Taifa. Watetezi wa bonde walikubali hatimaye kwamba Pinchot alikuwa sahihi juu ya jambo moja: pawe na ofisi, bajeti na mlinzi.

Wote wawili walikosea juu ya moto

Agosti 1910 upepo mkali uliunganisha mamia ya mioto midogo huko Idaho na Montana, na ndani ya siku 2 ekari kama milioni 3 zikateketea na watu wasiopungua 85 wakafa, wengi wao wazima moto. Idara aliyoiacha Pinchot ikaapa kutoruhusu moto tena. Kufikia 1935 amri ilikuwa kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Matokeo yake ni vichaka, majani makavu na miti midogo iliyorundikana kwa miongo, na mioto ya leo inalipia deni hilo.

Upande wa hifadhi hali haikuwa nafuu. Sekwoya, miti mikubwa ambayo Muir aliipenda kuliko yote, inahitaji moto wa wastani ili mbegu zake zitoke na zipate udongo mtupu. Walinzi waliuzima moto na miche ikakosekana. Na neno "kuacha kama palivyo" halikutekelezwa kwa kila kiumbe. Huko Yellowstone walinzi wenyewe waliwaua mbwa mwitu wakubwa wa kijivu (si wale wetu wenye madoa) hadi 1926 wakaisha, kulungu wakazidi wakala miche ya kando ya mito, na ilibidi mbwa mwitu waletwe tena kutoka Kanada mwaka 1995. Anayechagua njia ya Muir asidhani amechagua kukaa bila kazi. Kuacha nako kunahitaji mtu anayepajua mahali.

Kuna jambo lingine linalonifurahisha. Mtu aliyeishawishi serikali itenge eneo la kwanza la pori lisilo na barabara, Gila huko New Mexico mwaka 1924, alikuwa Aldo Leopold, mfanyakazi wa Idara ya Misitu, mhitimu wa shule ileile ya Yale iliyoanzishwa kwa fedha za akina Pinchot. Njia hizi mbili hazina ukuta katikati.

Nani alihesabiwa

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba ardhi ilikuwa ya kugawana kati ya Muir na Pinchot. Haikuwa.

Bonde la Yosemite lilikuwa makazi ya watu wa Ahwahneechee. Mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo, Mariposa Battalion, kiliingia kuwafukuza na kuchoma vijiji na akiba zao za chakula. Malisho ya kijani yaliyowapendeza wageni yalikuwa kazi ya mikono yao: walichoma majani kwa majira ili mialoni izae na kulungu waje. Walipoondolewa, miti ilianza kuvamia malisho. Muir alitazama bustani ya watu akaona pori ambalo halijaguswa. Katika maandishi yake ya mwanzo aliwaeleza wenyeji wa Sierra kwa maneno ya dharau, ingawa baadaye Alaska aliishi na Watlingit, wenyeji wa huko, na kuwaandika kwa heshima. Mwaka 2020 Sierra Club yenyewe ilikiri hadharani maneno hayo ya mwasisi wake. Nyumba za mwisho za kijiji cha wenyeji ndani ya bonde zilibomolewa mwaka 1969, chini ya usimamizi wa hifadhi.

Mfano huo wa hifadhi isiyo na wakazi ulisafiri, na msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mwisho wake: Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi humo walihamishiwa Ngorongoro. Hata waasisi wenyewe walifika huku. Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, akapanda reli ya Uganda, na yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512 kwa ajili ya makumbusho na kwa ajili yao wenyewe. Rais aliyetenga misitu mingi kuliko wote waliomtangulia hakuona mgongano wowote. Muir alifika mapema mwaka 1912, akiwa na miaka 73, bila bunduki. Alikuwa ametoka kuutazama mbuyu karibu na Maporomoko ya Victoria, siku aliyoihesabu miongoni mwa siku zake kuu za miti. Kutoka Mombasa alipanda hadi Ziwa Victoria na mahali Nile inapoanzia, kisha akarudi pwani na kwenda zake.

Je, njia ya Pinchot iliwahesabu wenyeji vizuri zaidi? Barua yake ya 1905 ilisema pia kwamba maswali ya mahali yaamuliwe kwa kuzingatia hali ya mahali. Maneno mazuri. Lakini mwaka uliofuata, 1906, Ziwa la Bluu, mahali patakatifu pa watu wa Taos Pueblo huko New Mexico, liliingizwa kwenye msitu wa taifa. Wataos wakageuka waombaji wa kibali kwenye hekalu lao. Katika hesabu ya walio wengi zaidi, watu wachache wa kijiji kimoja hushindwa kila mara, haki yao iwe ya zamani kiasi gani.

Basi uchague vipi

Kama unachokilinda kinaota tena, na kuna watu wanaokitegemea kila siku, anza na Pinchot: pima, andika, toza, ajiri mlinzi anayejua kusoma na kupanda farasi, au pikipiki siku hizi. Kataa kibali chochote kinachozidi kasi ya kuota.

Kama ni kitu kisichorudi, bonde, chemchemi, mti wa miaka 2,000, simama na Muir, na usikubali mjadala uanze kwa kulinganisha kiu na uzuri. Dai kwanza orodha ya mito mingine na gharama zake. San Francisco haikulazimishwa kuimaliza orodha hiyo kwa haki, na ndiyo maana ilishinda.

Kama anayependekeza yuko haraka kwa sababu ya janga lililotokea jana, angalia kama pendekezo lake lingelizuia janga hilo. Mabomba ya 1906 yanatosha kuwa mfano.

Na kama mahali hapo pana watu walioishi humo kabla ya ramani, weka vitabu vya wote wawili pembeni kwanza. Wataos walifanya hivyo kwa miaka 64. Waliletewa fidia ya fedha wakaikataa, walitaka ziwa. Tarehe 15 Desemba 1970 Rais Nixon alisaini sheria ya kuwarudishia ekari 48,000, na kiongozi wao wa dini, mzee sana, alisafiri hadi Washington kushuhudia. Leo hakuna bwawa pale, hakuna magogo yanayouzwa, na watalii hawaruhusiwi kupanda. Wataos wenyewe hupanda kila mwaka mwezi Agosti.